Kovu la Shavu la Pili

Hildegarda alimwamkia mama yake shikamoo, na mama yake akamjibu shikamoo.

Ni jambo dogo. Mwingine angelivuka kama anavyovuka ganda la muwa njiani. Lakini Marselina, mjane wa Vitalis mchongaji, aliwahi kumrudisha dereva wa lori hadi nje ya uzio akaanze upya, kwa kosa la kusema "mambo" kabla ya shikamoo. Marahaba yake aliipata kwa kuishi miaka hamsini na minane, na hakuwa na mpango wa kuigeuza kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Hilda alisimama kwenye kizingiti cha jiko, mkoba begani, jua la saa saba likimpiga kisogoni.

"Mama, umerudi lini?"

"Nimerudi."

"Na mavuno kwa mama Kishiwa kule Munisagara? Si ulisema mpaka mwezi uishe?"

"Nimerudi," mama alisema tena, kwa sauti ileile, kama mtu anayerudia namba ya simu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso mlangoni. Jiko lilikuwa na giza la moshi wa miaka mingi, na ndani yake palinuka udongo mbichi, ingawa Mikumi haikuwa imeona mvua tangu Mei. Mama aliinua kikombe cha chai kwa mikono miwili. Hilda akaona ni uchovu. Kutoka Munisagara unapanda treni mpaka Kilosa, kisha basi kwenye barabara ambayo ilitengenezwa kwa ahadi tu. Mtu akifika akiwa na akili pungufu, haki yake.

Hilda hakuwa mtu wa kukimbilia kusingizia majini. Alisoma sanaa chuo kikuu miaka mitatu, na kabla ya hapo alikulia Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge, ambako kila kitu kilichopotea kilichukuliwa na jini mpaka kilipoonekana nyumbani kwa mnyapara. Kwa uzoefu wake, nyuma ya kila jini palikuwa na mtu anayekwepa kujieleza.

Ndiyo maana wiki nzima ile alikuwa anamtilia shaka Nassir.

Ulikuwa mwaka wa mgao, umeme ukija kwa zamu kama maji ya bombani, na ulikuwa pia wakati ambapo neno "mwekezaji" lilitamkwa kwa sauti ya kanisani. Melkizedek, mwenye karakana ya vinyago pale barabarani alikofanya kazi Hilda, alikuwa amempata wa kwake, mbia kutoka ng'ambo, na tangu siku hiyo aliacha kusema "wateja" akaanza kusema "soko". Mbia alileta mashine inayochonga mti yenyewe, na kompyuta yenye programu ya kuchongea: unapewa donge la udongo kwenye skrini, unalifinyanga kwa mausi, unalizungusha, unalikata, na ukimaliza mashine inalitoa kwenye mninga. Mwalimu hakuleta. Alileta kitabu cha Kiingereza kilichopungua kurasa.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya hoteli mpya: mama wa Kiafrika, mrefu kama mlango, asimame mapokezi. Hilda alimtumia mama yake, kwa kuwa ndiye mama wa Kiafrika aliyemjua vizuri. Uso mpana, kidevu cha ubishi, na kovu la shavu la kushoto alilochomwa na mwiba wa mkonge akiwa binti.

Jumatatu alifinyanga mwili wote na uso, akaacha macho. Baba yake alimfundisha kwamba macho ni ya mwisho. Akahifadhi, akafunga. Kesho yake alipofungua akakuta picha. Mama yake alikuwepo kwenye skrini, lakini hazunguki, hashikiki, bapa kama kalenda ya ukutani.

Akaanza upya. Jumatano, kwa hasira, akatangulia kuchonga macho na kuacha mdomo. Akahifadhi. Alhamisi: picha.

"Dada Hilda," Nassir alimwambia. Alikuwa fundi wa kompyuta, mtoto wa Kilosa aliyepanga chumba nyuma ya stendi. "Neno la siri umebadilisha mara mbili na kazi inapotea vilevile. Sasa badilisha mwizi."

"Mwizi namjua. Namtafutia ushahidi."

"Mimi sanamu ya mama yako niipeleke wapi? Nikailalie?"

Wiki hiyohiyo, mchana, akiwa nyumbani kwa chakula, alisikia kitu kikipapasa ukuta wa nje polepole, kuanzia pembe hii mpaka pembe ile. Akasema ni mbuzi wa jirani yake Agness. Alhamisi mlango uligongwa, bila hodi. Alipofungua hapakuwa na mtu. Akasema ni watoto, na akajiahidi kumweleza Agness kuhusu malezi.

Ijumaa aligundua kitufe cha pande mbili. Ukikiwasha, unachofanya kulia kinajifanya chenyewe kushoto. Bega kwa bega, sikio kwa sikio. Kazi ya siku mbili ikaisha kwa saa tatu. Alipofika kwenye kovu, akalichora shavu la kushoto, na la pili likajitokeza kulia. Akataka kulifuta. Melkizedek alikuwa nyuma yake akitafuna kijiti.

"Acha hapohapo. Wageni watadhani ni chale za kabila."

"Kabila gani?"

"Hilo wataulizana wenyewe."

Akacheka, akaliacha. Akamaliza macho, mdomo, kila kitu, akahifadhi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akatoka kazini akiimba.

Sasa, Jumamosi, akiwa amesimama jikoni, simu yake ilianza kulia mkobani. Namba ya Kija, mtoto wa mama Kishiwa, ambaye kupiga simu ilimbidi apande kichuguu kilichokuwa na mtandao.

"Dada, nakupa uongee na mama yako. Tumembeba mpaka huku, anataka kukusikia."

Hilda hakuelewa. Ikaja pumzi, kisha sauti, dhaifu, ikikwaruza.

"Hilda mwanangu."

Mdomo wake ulijibu kabla ya akili. "Shikamoo mama."

"Marahaba," ilisema simu.

"Shikamoo," alisema yule wa kwenye kigoda.

Mama Kishiwa akachukua simu. Alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe kumi na saba, mwanamke asiyetishika hovyo, na sasa alikuwa ananong'ona. "Binti, mama yako haumwi. Anapungua. Ilianza Jumatatu, Jumatano ikazidi, tangu jana hawezi kusimama. Nimemwinua leo, ni mwepesi kama gunzi lililopukuchuliwa. Mgongo anasema hausikii. Umefanya nini huko?"

Hilda alikuwa anamtazama yule wa kwenye kigoda. Moshi ulikuwa umepungua. Aliona kovu la shavu la kushoto, analolijua tangu ananyonya, na aliona kovu la shavu la kulia. Akasogea hatua moja pembeni, akifuata ukuta. Macho yale hayakuweza kumfuata. Yalibaki katikati, yakitazama mbele sawasawa, mpaka mwili mzima ulipogeuka juu ya kigoda kama mlango unavyogeuka kwenye bawaba. Mikono iliweka kikombe chini. Yote miwili. Kisha ikapanda pamoja na kuweka sawa kilemba, kidole hiki kikifanya kinachofanywa na kile, kwa wakati uleule, kama vile katikati ya yule mama pamesimamishwa kioo.

"Nimerudi," alisema.

Hilda alitoka kinyumenyume, akafunga mlango wa jiko kwa nje, na akafika barabarani kabla hajakumbuka kwamba viatu vyake amevivulia kizingitini.

Mtu aliyemwendea hakujiita mganga. Lupakisyo alikuwa Mnyakyusa aliyezaliwa kambi ya mkonge, akachonga kwenye benchi moja na Vitalis, baba yake Hilda, miaka ishirini, na sasa alitengeneza vinu nyuma ya gereji za malori. Watu walimletea mambo yao, naye aliyapokea akiwa anatoboa kinu. Mganga, alisema, lazima awe na uhakika, na yeye hakuwa nao. Hilda alimkuta na Nassir, aliyekuwa amepeleka mchi wa shangazi yake kurekebishwa. Kwa mara ya kwanza alifurahi kumwona.

Alisimulia. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Kovu la Marselina ulilichonga wapi?" Lupakisyo aliuliza.

"Kushoto." Akagusa shavu lake la kulia. "Na kulia."

"Nani alikutuma kulia?"

"Kitufe."

Mzee aliweka tezo chini. "Baba yako alinichonga mimi, mwaka tuliohamia hapa. Sikio moja halina tundu. Nikamwuliza, mbona umenifanya kiziwi? Akasema, nikikutoboa yote mawili, wewe utakaa wapi? Mtu aliye hai hachongwi akaisha. Unaacha kasoro, wapita njia wajue nyumba ina mwenyewe. Hakukwambia?"

Aliambiwa. Aliambiwa akiwa na miaka tisa, kisha akaenda chuo kikuu, ambako waliita kitu hicho imani za jadi na kukipa aya moja kwenye mtihani.

Nassir aliulaza mchi chini. "Ulipohifadhi," alisema taratibu, "ulibonyeza wapi?"

Hilda alichora skrini kwenye vumbi la mbao kwa kidole. Nassir akachuchumaa.

"Hiki cha juu ni cha picha. Kinahifadhi unachokiona tu. Mwili una kitufe chake, huku pembeni, kwenye zana. Nilijua unakijua, dada. Ulikuwa hutaki nisogee." Alifuta vumbi kwa kiganja. "Mara tatu umehifadhi picha na kufunga programu. Mwili ukapotea."

"Haukupotea," alisema Lupakisyo. "Uliachwa nje bila mwenyewe. Kwa hiyo vimepata pa kuingia."

"Vitu gani?"

"Ningevijua majina ningekuwa mganga. Miili uliyoiacha ilikuwa mingapi?"

"Mitatu. Wa kwanza hana macho. Wa pili hana mdomo. Wa tatu kamili."

"Huyo kamili ndiye anamla mama yako, maana anamtosha kama kiatu. Tuanze na huyo. Umchonge tena, hukohuko ulikomwacha nje, safari hii na kasoro yake, na umwite jina la mwenyewe kabla hujafunga. Vitalis alilitamka mgongoni mwa mti. Wewe utajua pa kulitamkia."

"Na hao wawili?"

Lupakisyo aliokota tezo. "Nimesema tuanze na huyo."

Umeme ungekuja Jumapili saa tatu asubuhi na kuondoka saa sita mchana. Usiku ule Hilda alilala kwa Agness, na usiku haukuwa na lolote. Majini ya zamani yalikuwa na adabu ya kusubiri giza. Hili lilifanya kazi saa za ofisi.

Saa tatu kamili kompyuta ilinguruma. Karakana ilikuwa tupu, Melkizedek yuko kanisani akiombea soko. Nassir alikaa kushoto kwa Hilda. Lupakisyo alikaa mlangoni kwenye gogo, tezo mapajani. Hilda alianza na donge. Mkono wake uliijua njia sasa. Kidevu kilikuja, paji likaja, mabega. Kitufe cha pande mbili alikizima mapema, na kila upande akauchonga peke yake, bega la kulia likiwa chini kidogo, kama la mama, lililobeba ndoo miaka arobaini. Saa nne. Saa tano. Kija alipiga simu mara moja kusema mama hafungui tena macho, na Nassir akaizima.

Ilipokaribia saa sita, harufu ya udongo mbichi iliingia kabla ya kitu kingine. Kisha wakasikia hatua. Hazikuwa hatua za mtu anayetembea, mguu huu na mguu ule. Miguu miwili ilitua pamoja. Tup. Kimya. Tup. Kimya. Zilitoka upande wa nyumbani kwa Hilda.

"Usigeuke," Lupakisyo alinong'ona. "Chonga."

Tup.

"Shikamoo," ilisema sauti ya mama yake mlangoni.

"Hapa si kwako," alisema Lupakisyo.

"Nimerudi."

"Hukuwahi kuondoka, maana hukuwahi kuwapo. Mwenye sura yuko Munisagara, anaidai."

Hilda hakugeuka, lakini skrini ilikuwa na kioo, na ndani ya kioo, juu ya uso aliokuwa anauchonga, aliuona uso ule mwingine ukisimama nyuma ya bega lake, mlangoni, mkubwa, umetulia, na alipoanza kulichora kovu la shavu la kushoto, pekee, bila la pili, aliona kovu la kulia la yule aliye mlangoni likianza kufunga kama kidonda kinachopona siku kumi kwa dakika moja, na mkono mmoja, kwa mara ya kwanza mmoja tu, ukainuka na kulishika shavu lile kama mtu aliyeibiwa, na mdomo ukafunguka bila neno, na miguu ikatua ndani ya karakana, tup, ikampita Lupakisyo aliyekuwa anasema jambo kwa Kinyakyusa asiloacha kulisema, tup, na pumzi ya udongo ikamgusa Hilda shingoni, na Nassir, ambaye alikuwa analia bila kujificha, akaweka kidole kwenye skrini, pembeni, kwenye zana, akasema, "Hapa, dada, si pale, hapa," na Hilda akabonyeza hapo, na programu ikamwuliza jina, na akaandika herufi kwa herufi, kwa vidole visivyokuwa vyake, Marselina.

Umeme ukakatika.

Walikaa gizani mwa mchana, mashine zikipoa. Hakuna aliyesogea mpaka Lupakisyo alipokohoa. Nyuma ya kiti cha Hilda, kwenye vumbi la mbao, zilikuwapo nyayo mbili zilizolingana kama jozi mpya dukani, na juu yake hapakuwa na mtu.

Simu ilipowashwa, ujumbe wa Kija ulikuwa umefika. *Mama ameomba uji. Anagombana na mama Kishiwa kuhusu chumvi.*

Hilda alicheka mpaka Nassir akaogopa tena. Kisha akamwomba radhi kwa wiki nzima ya kumwita mwizi, naye akasema amesamehe ila neno la siri ampe.

Jumatatu faili lilifunguka. Mama alizunguka, mbele na nyuma, kovu moja. Melkizedek akauliza chale ya pili iko wapi.

"Hii haiendi kwenye mashine," Hilda alisema. "Ukitaka nitakuchongea tembo. Ukitaka mama, katafute mwingine wa kumchonga."

Alikubali tembo. Soko, alisema, linampenda sana tembo.

Jumatano saa tano mama alishuka kwenye basi la Kilosa, amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Hilda alimsimamisha palepale stendi kabla hajamkumbatia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unanitazama kama polisi?"

Alimshika uso, akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto, mbele ya wauza karanga na matingo wa malori. Kovu moja. Alimpeleka nyumbani amemshika mkono wakati wote.

Jiko alikuwa amelifagia na kulifukiza. Mama alikaa kwenye kigoda, akamimina chai, akainua kikombe kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukikuna goti, na Hilda alimtazama kana kwamba hajawahi kuona jambo zuri hivyo. Mama alikuwa anasema kuhusu uji wa mama Kishiwa, usio na chumvi, usio na heshima.

Nje, kitu kilianza kupapasa ukuta. Kilianzia pembe ya choo. Viganja viwili, taratibu, kama vya mtu anayetafuta dirisha kwa kulikumbuka.

"Mbuzi wa Agness hao," alisema mama. "Hawajafungwa mpaka leo?"

Viganja vilipita dirishani, vikafika mlangoni, vikatulia. Na kando yake alisikia miguu mingine, iliyokuja bila kupapasa, ya mtu anayeona anakokwenda na anayemwongoza mwenzake.

Mlango uligongwa. Mara tatu, bila hodi.

Marselina hakuwa mtu wa kuacha mlango bila jibu. Alivuta pumzi aseme karibu, na Hilda akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, chai ikamwagika juu ya miguu yao wote wawili.

Chai ilitambaa sakafuni kuelekea mlangoni.

Kisha wa kwanza, yule asiye na macho lakini mwenye mdomo, akasema hodi, kwa sauti ileile iliyokuwa imezibwa chini ya kiganja cha Hilda.